Vikeki vya Futari Bila Sukari ya Dukani

Kijana mwenzangu wa Malindi au Kilifi, mchana kutwa umeizuia nafsi. Magharibi usiishindilie kaimati za shira.

Ponda ndizi mbivu 3 na kikombe 1 cha tende zilizotolewa kokwa, zikalainika kwa maji moto. Tia mayai 2, mafuta robo kikombe, unga wa atta vikombe 2, bekingi pauda vijiko 2 vya chai, iliki na mdalasini. Mimina vikoponi.

Huna oveni? Weka ndani ya sufuria, palia makaa juu, chini machache.

Tende nazo zina sukari: mzazi mwenye kisukari asizidishe. Sahani moja mpelekee jirani. Mwenye kumfuturisha aliyefunga hupata thawabu kama zake.

Ramadhan Karim.