Choo cha Mtoto Mchanga: Wakati wa Kungoja na Wakati wa Kwenda kwa Daktari

(Mazungumzo na wazazi wa Kitui na Makueni)



Leo nataka kusema nanyi habari ambayo wengi huona haya kuitaja, nayo ni choo cha mtoto mchanga. Mtoto hawezi kutuambia aumwapo, lakini choo chake hutueleza mengi. Yafaa tukijue, tusihangaike bure, wala tusikae tu wakati wa hatari.

Mtoto aliyezaliwa baada ya kutimiza miezi yake hupata choo, kwa kawaida, katika saa 24 za kwanza. Choo hicho ni cheusi, nacho hunata kama lami, si ugonjwa. Maziwa ya kwanza ya mama, yale mazito ya manjano, humsaidia kukitoa, basi yasimwagwe. Siku ya tatu au ya nne choo huelekea ukijani, na kufikia siku ya tano huwa cha manjano, laini, chenye chembechembe.

Majuma ya kwanza, mtoto aweza kupata choo kila anyonyapo, na huko si kuhara. Baada ya majuma sita hivi, mwingine hukaa siku kadhaa bila choo. Ikiwa anyonya vizuri, akojoa mara kwa mara, aongezeka uzito, na tumbo lake ni laini, hana ugonjwa. Lakini hapo ndipo bibi au jirani huleta maji ya sukari au dawa ya miti shamba. Shauri lao ni la upendo, lakini likataliwe kwa adabu. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji kitu ila maziwa ya mama na dawa aliyoandikiwa na daktari.

Sasa sikilizeni dalili zisizongoja.

Kwanza, saa 24 zimepita naye hajapata choo cha kwanza. Huenda utumbo umeziba.

Pili, tumbo limevimba na kuwa gumu, au atapika matapishi ya kijani kama majani ya kunde. Huenda utumbo umejisokota, na saa chache zaweza kuuharibu.

Tatu, choo kina damu; au mtoto ahara majimaji, amelegea, hanyonyi wala hakojoi.

Nne, choo ni cheupe kama chokaa au kijivu kama majivu, hasa ikiwa macho yangali manjano baada ya majuma mawili. Huenda njia ya nyongo imeziba. Mwaka 1959 daktari Morio Kasai wa Japani alitangaza upasuaji wa ugonjwa huu, nao hufaa zaidi mtoto akiwa hajapita siku 60. Mtoto huyu aweza kuonekana mnene na mchangamfu; ndiyo sababu wengi huchelewa.

Twajua kwamba nchi yetu ni pana, na mito ya mchanga hufurika wakati wa mvua. Basi msingoje siku ya kliniki. Nendeni siku hiyo hiyo kwenye zahanati iliyo karibu, ili mpelekwe, ikibidi, hospitali kubwa ya Kitui au ya Wote. Mama amfunge mtoto kifuani apate joto, na kitambaa chenye choo hicho kichukuliwe, daktari akione mwenyewe. Nanyi akina baba, wekeni nauli akiba kabla mtoto hajazaliwa.