Shati, Dumu na Mtoto Mwenye Usonji



Mzazi mwenye mtoto wa usonji huambiwa mengi: amerogwa, amedekezwa, atapona akikua. Ni wachache wamwelezao jinsi ya kumfundisha mtoto huyo kuvaa shati. Mimi leo nataka tuzungumzie shati.

Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliwapa watoto fremu za mbao zenye vitambaa vya kufungwa kwa vifungo, ili vidole vijifunze kwanza. Seremala na fundi cherehani wa Mugumu au Sirari hawashindwi kutengeneza kifaa hicho. Lakini mtoto mwenye usonji aghalabu hupata taabu kuhamisha alichojifunza. Aliyezoea kifungo kikubwa chekundu mezani aweza kulitazama shati lake la shule kama kitu kigeni kabisa. Kwa hiyo kitambaa na kikatwe katika shati lake kuukuu, na fremu iegemezwe kifuani pake, vifungo vikae kama anapolivaa.

Ndiyo maana sioni haja ya kungojea sanduku la vifaa kutoka ng'ambo. Tazameni kibuyu chirizi: dumu, kamba na kijiti cha kukanyagia. Mtoto akanyaga, maji yatoka. Ayaona, ayasikia, yamgusa. Kando yake bandikeni picha nne zilizochorwa kwa mkono: kulowesha, kupaka sabuni, kusugua, kusuuza. Anzeni na ya mwisho. Mama afanye yote, amwachie kusuuza tu. Akiimudu, amwachie na kusugua. Hivyo kila siku mtoto ndiye anayemaliza kazi.

Wapo ambao mguso mdogo huwaumiza. Mtoto akilia kwa kushikishwa ulezi katika karai, huo si ukaidi, wala kiboko si dawa. Apewe kwanza kijiko cha kuchotea.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yake ya kusoma. Lakini mwalimu mwenye darasa lililofurika atamsaidiaje asiyejua kwenda chooni? Hilo lisiwe kisingizio cha kumkataa. Kabla seremala hajashika msumeno, mwalimu na aende nyumbani kwa mtoto, amwulize mama ni kazi ipi ya asubuhi inayomchosha zaidi, alitazame shati, dumu na choo kilichopo. Kifaa cha kwanza kitengenezwe kwa kazi hiyo.