SHERIA IANZIE MLANGONI KWETU

(Yafuatayo ni maneno aliyoyasema Mwenezi wetu, ambaye ni mwalimu, katika mkutano wa tawi siku ya Jumapili. Tumeyachapa ili wale wasiohudhuria nao wapate kufaidika.)



Mimi ni mtoto wenu. Umri wangu haujafika miaka thelathini, na elimu yangu ni ya chuo cha ualimu. Mimi si mwanasheria. Nikisema neno lenye makali, wazee mnisamehe. Sikuja kuwafundisha namna ya kuishi. Nimekuja kuwakumbusha jambo moja tu: watu waliodai haki zao kwa wageni hawana udhuru wa kunyimana haki hizo nyumbani mwao.

Nyote mmesikia habari za Wameru wa Engare Nanyuki. Mwaka 1951 Serikali ya Kiingereza iliwaondoa kwa nguvu katika ardhi yao ili wapewe walowezi wa Kizungu, na nyumba zao zikachomwa moto. Wameru hawakushika mikuki. Walichanga fedha, wakaandika malalamiko yao, na mwaka 1952 Bwana Kirilo Japhet akaenda mpaka New York kuyasema mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini Tanganyika ilijifunza kwamba mnyonge mwenye hoja iliyoandikwa ana nguvu kuliko mwenye kelele.

Sasa nije kwetu. Mwezi uliopita alinijia mwanachama mmoja, mtu mzima, ambaye jina lake sitalitaja. Alitaka kukopa fedha kwa kuweka rehani nyumba anayokaa na mkewe na watoto. Karatasi ile ilikuwa na mahali pa sahihi ya mke. Akaniambia, "Mwalimu, wewe una mwandiko mzuri. Tia sahihi hapo, mama huyu hana haja ya kujua." Nilikataa. Alinikasirikia, na mpaka leo salamu zake ni za shingo upande. Lakini afadhali anune yeye kuliko watoto wake walale nje.

Ndugu zangu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba nyumba ya ndoa, hata ikiwa imeandikwa jina la mmoja, haiuzwi, haitolewi zawadi, haipangishwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inakazia neno hilo hilo katika rehani, na mwombaji wa mkopo anawajibika kusema kweli kama ana mke au mume. Kughushi sahihi ya mtu ni jinai. Tena sheria hii haikutungwa kwa ajili ya wanawake peke yao. Mke mwenye nyumba yake naye hawezi kuiuza mumewe akiwa hana habari.

Wapo wanaume wasemao, "Nyumba nimejenga mimi, mke wangu alikuwa akipika tu." Bwana Mwenyekiti, neno hilo lilikwisha jibiwa mwaka 1983 na Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Bwana Francis Nyalali. Mahakama ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke, kupika, kulea na kutunza, ni mchango katika mali iliyochumwa wakati wa ndoa. Akina mama, naona mnapiga vigelegele! Ngojeni kwanza, maana kesi ile ina sehemu ya pili. Mama yule mwenyewe hakupewa kitu. Mumewe alikuwa amempa fedha za kujiendeleza, naye akazitapanya, na Mahakama ikaona kwamba fungu lake alikwisha kulila. Kwa hiyo kesi ile moja imetufundisha mambo mawili: haki ya mwanamke ni haki kamili, na haki hiyo haitembei bila wajibu.

Sasa habari za ardhi, na hapa nitasema yaliyonipata mwenyewe. Marehemu baba yangu alinunua shamba la migomba kwa jirani yake. Walikubaliana kwa mdomo, wakanywa kahawa, fedha zikahesabiwa mbele ya wazee wawili, basi. Walikuwa marafiki, na kuandika kulionekana kama kutiliana shaka. Miaka ikapita. Jirani akafa, na wale wazee wawili wakafa. Wana wa jirani wakaja na kusema, "Baba yetu aliazima shamba, hakuuza." Baba hakuwa na hata kipande cha karatasi. Nilikuwa chuoni wakati huo, na ada yangu ilitoka katika ndizi za shamba lile. Mwisho walikubaliana kugawana, na nusu ikaenda. Baba hakuwahi kuwachukia vijana wale. Alijichukia yeye mwenyewe, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Unaponunua kiwanja chenye hati, mkataba wa mdomo hautakusaidia, kwani sheria inataka maandishi. Unaponunua ardhi ya kijiji, idhini ni ya Halmashauri ya Kijiji iliyokaa kikao, si muhuri wa Mwenyekiti aliyekutana nawe njiani. Muulize muuzaji kama ana mke, na mke huyo naye aandike kwamba ameridhia. Tena mila isemayo kwamba mwanamke hawezi kumiliki ardhi haina nguvu katika ardhi ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeibatilisha. Asije mtu akamwambia binti yake maneno hayo kwa jina la wahenga.

Nigeuke kwa ndugu zangu wenye maduka, mashine za kusaga na mikahawa. Ninyi ndio huwa mbele kudai haki mbele ya bwana ushuru, na mnafanya vema. Lakini kijana anayefagia duka lako, je, naye ana haki? Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inakutaka umpe kwa maandishi masharti ya kazi yake. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma. Likizo yake ni siku 28 kwa mwaka. Mtoto asiyetimiza miaka 14 haajiriwi kabisa. Usidhani maandishi hayo ni mzigo kwako. Ukifikishwa mbele ya sheria huna karatasi, ni wewe mwajiri utakayetakiwa kuthibitisha masharti mliyoyakubali, si yeye. Karatasi ile ile inayomlinda yeye ndiyo inayokulinda wewe. Kadhalika risiti: muuzaji aitoe na mnunuzi aidai, maana wote wawili wanawajibika.

Neno la mwisho ni juu ya wakati. Sisi tumezoea kusema, "Tutaona." Lakini ngojangoja huumiza matumbo. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi bila haki ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mwenye kudai deni la mkataba ana miaka 6. Mwenye kudai ardhi iliyo mikononi mwa mwingine ana miaka 12. Muda ukipita, hata mwenye haki anaweza kufungiwa mlango.

Basi nawaomba mambo matatu. La kwanza, kila mwenye nyumba akirudi leo azitoe karatasi zake, aketi na mwenzi wake wazisome pamoja, na wote wajue zinawekwa wapi. La pili, asitokee mwanachama wa tawi hili atakayetia sahihi karatasi asiyoielewa, wala sahihi isiyo yake. La tatu, sisi walimu wa tawi tutakaa ofisini kila Jumamosi saa kumi alasiri, na mtu yeyote aje na karatasi yake tumsomee. Hatutatoza kitu. Jambo likituzidi tutalisema, na tutamwelekeza kwa wakili au kwa wasaidizi wa sheria.

Na kwa yule ndugu yangu aliyenikasirikia: ofisi ni yako pia. Njoo Jumamosi, uje na mama. Kama mkopo una faida, mweleze naye ataridhia. Akiridhia, nitawaandikia barua hiyo kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Uhuru na Kazi!