Maombi ya Vyuo vya Nje: Pesa ya Baba Mdogo Haihesabiki

Mada ya Mweka Hazina kwenye Mkutano Mkuu wa Mwaka, Usangi, Desemba 2025



Kamati ya Fedha imepewa dakika ishirini kueleza ombi jipya lililo mbele yenu mwaka huu. Tutajitahidi tusizidishe, maana harufu ya makande imeshafika huku mbele.

Simu zinazoingia kwa kamati zimebadilika. Zamani mzazi alipiga kuomba ada ya kidato cha tano au godoro la bweni. Siku hizi anapiga kusema mtoto amepata chuo Uingereza, au Ujerumani, au India, tumsaidie, viza inatakiwa wiki ijayo. Karibu kila mara simu hiyo inakuja ikiwa imechelewa. Makaratasi ya watoto hao tumekaa nayo na kuyasoma kama tunavyosoma vitabu vya hesabu za kampuni. Wengi wao hawakuangushwa na akili. Waliangushwa na karatasi na tarehe.

Yupo binti mmoja wa tarafa yetu, jina lake tunaliacha. Alimaliza PCB kwa Divisheni One, akapata udahili kwenye chuo kimoja cha Uingereza pamoja na punguzo la ada. Ukoo ulikaa kikao kama inavyopasa. Baba yake mdogo mwenye duka Kariakoo akasema pesa ya kujikimu ipo, na kweli ilikuwepo, kwenye akaunti yake. Taarifa ya benki ikachapwa, ikagongwa muhuri, ikapelekwa. Viza ikakataliwa.

Sheria ya Waingereza inasema pesa hiyo iwe kwenye akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, au ya mzazi wake au mlezi wake wa kisheria. Ikiwa ni ya mzazi, kiambatishwe cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha kuwa huyu ni mzazi, na barua yake ya kuridhia. Kwetu baba mdogo ni baba, hakuna anayedai maelezo. Kwao si baba. Basi ukoo ukahamisha pesa haraka kwenda kwa baba mzazi, wakaomba upya baada ya siku kumi. Ikakataliwa tena, kwa sababu pesa inatakiwa ilale kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila salio kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na siku ya mwisho kwenye taarifa ya benki isizidi siku 31 kabla ya kuomba. Malipo ya huduma ya afya walirudishiwa. Ada ya viza, pauni 524 kwa kiwango cha mwaka 2025, haikurudi, mara zote mbili. Muhula ukaanza bila yeye.

Kiwango chenyewe mkijue. Kwa mwanafunzi anayesoma nje ya London ni zaidi ya pauni 1,100 kwa kila mwezi, kwa miezi tisa, yaani zaidi ya pauni 10,000 mbali na ada ya mwaka wa kwanza. Huduma ya afya ni pauni 776 kwa mwaka, na inalipwa ya miaka yote kwa mkupuo mmoja kabla ya viza.

Hapa ndipo tunapopata ombi ambalo tumelikataa na tutaendelea kulikataa. Mzazi anasema: msitupe pesa, tuwekeeni tu kwenye akaunti mwezi mmoja, viza ikitoka tunawarudishia. Wapo na wakopeshaji mjini wanaofanya biashara hiyo kwa riba. Ndugu zetu, sisi ni watu wa hesabu. Akaunti iliyokuwa na laki mbili mwaka mzima, halafu siku moja ikaingia milioni thelathini na tano, inajieleza yenyewe kwa yeyote anayejua kusoma taarifa ya benki, na maofisa wa viza wanajua. Wakihesabu kuwa ni udanganyifu, mtoto anaweza kufungiwa miaka 10 asiingie Uingereza. Na hata akipita, atafika huko akiwa hana pesa ya kula. Wanaotuona wagumu watusamehe.

Ujerumani wana mtindo mwingine. Vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo hata kwa mgeni, ingawa jimbo la Baden-Württemberg linatoza wanaotoka nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha München nacho kimeanza kutoza. Watu wakisikia "bure" wanaacha kusoma mistari inayofuata. Kwenye mistari hiyo kuna akaunti ya kufungia pesa: euro 11,904 za mwaka mzima ziingizwe kwanza, kisha mwanafunzi anaachiwa euro 992 kila mwezi. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 30. Nafuu ni kwamba kule hawaulizi kama ni za baba mdogo au za shangazi. Zikishaingia kwa jina la mtoto, zimeingia.

Tukiacha pesa, kuna majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi, cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanahidi, kitambulisho cha NIDA kina jina la babu ambalo shuleni halikuandikwa. Hapa nyumbani tunacheka, tunajua ni mtu mmoja. Chuo cha nje kinaona watu watatu. Kurekebisha kunahitaji kiapo au hati ya kubadili jina, kuhakiki cheti RITA, kisha ndiyo pasipoti, na kila hatua ina wiki zake. Mwenye mtoto aliye kidato cha tatu ayaangalie majina sasa, kabla hajasajiliwa kwa mtihani wa Baraza. Hilo halihitaji mchango wa mtu.

Kuna pia jambo la pointi, ambalo wengi hawalifikirii. Kwetu mtoto mwenye Divisheni One ya pointi 3 ndiye wa kwanza, kwa kuwa A ni pointi 1. Nchi nyingi hesabu zao zinakwenda kinyume, alama kubwa ndiyo nzuri. Msomaji wa maombi asiyeijua Tanzania anaweza kuona namba 3 akadhani huyu kapata 3 kati ya 20. Kwa hiyo mkuu wa shule aandike nusu ukurasa kueleza ngazi zetu za ufaulu, na aseme mtoto alikuwa wa ngapi kati ya wangapi. Tumemwona kijana aliyeombwa maelezo zaidi, akapeleka nusu ukurasa wa namna hiyo, akajibiwa vizuri.

Barua za walimu nazo. Vyuo vingi vinataka mwalimu apakie barua yeye mwenyewe, kupitia barua pepe yake. Walimu wetu wana simu nzuri tu, lakini nywila ya barua pepe aliyefungua ni kijana wa stationery mwaka juzi. Halafu mwalimu mmoja ana barua moja anayoibadilisha jina: huyu ni mtiifu, msafi, anashirikiana na wenzake. Msomaji wa kule anataka kujua mtoto alifanya nini darasani, swali gani aliuliza, alikwama wapi akajikwamua vipi. Tunaomba walimu wastaafu mliomo humu, na mpo wengi, mtusaidie kukaa na wenzenu waliopo kazini. Siku moja tu ya Jumamosi.

Kalenda yetu haifanani na yao. Kidato cha sita wanafanya mtihani Mei, matokeo yanatoka Julai, katikati wengine wako JKT, na kambini si mahali pa kujaza fomu. Uingereza maombi ya shahada ya kwanza yanafungwa Januari kwa wale wanaotaka kupewa uzito sawa. Türkiye Bursları, ufadhili wa serikali ya Uturuki ambao hautozi ada ya maombi na unalipa masomo, malazi na posho, hufunguliwa Januari na kufungwa Februari, na kwa shahada ya kwanza mwombaji awe chini ya miaka 21. Anayeanza kutafuta baada ya matokeo ya Julai tayari ameukosa mwaka. IELTS ni zaidi ya dola 200, inafaa kwa miaka miwili tu, kwa hiyo asiifanye mapema mno wala asiifanye kabla ya kuuliza. Baadhi ya vyuo vinakubali barua ya mkuu wa shule kwamba masomo yalifundishwa kwa Kiingereza, na hapo dola mia mbili zimebaki mfukoni.

Kuhusu mawakala tutasema kidogo. Wengi wao wanalipwa kamisheni na chuo. Anayekutoza wewe mamilioni kwa "udahili wa uhakika" anakula pande mbili. Familia moja ya kata ya jirani iliuza shamba la migomba kulipia nafasi kwenye chuo ambacho TCU haikitambui. Kuuliza TCU kabla ya kulipa ni bure.

Tunajua swali lililoko humu ukumbini, mzee mmoja alituuliza jana jioni: mbona shule zetu zina upungufu wa madawati na nyie mnasomesha watoto Ulaya ambao hawatarudi? Ni swali la haki. Jibu la kwanza ni kwamba hatuombi kusomesha mtu Ulaya. Chama hakina uwezo huo, na kwa mtoto mmoja wa Uingereza tungejenga madarasa. Mtoto aliyepata Sokoine, Mzumbe au Mlimani pamoja na mkopo wa Bodi, tunamwambia aende, asikae nyumbani mwaka akingoja Ulaya. Jibu la pili ni kwamba ufadhili kamili upo, unatolewa kila mwaka, na watoto wetu hawaukosi kwa kushindanishwa. Wanaukosa kwa sababu hawana pasipoti ya shilingi 150,000 siku fomu inapoitaka. Kama watarudi au la, hatuwezi kuwaahidi. Tunachojua ni kwamba paa la zahanati hii tuliyoipita asubuhi limechangiwa kwa sehemu kubwa na watu wasiolala hapa.

Kwa hiyo tunaomba Mfuko wa Maombi. Kwa kila mwombaji tunakadiria shilingi milioni moja na nusu: pasipoti, marekebisho ya majina, uhakiki wa vyeti, mtihani wa lugha pale tu unapodaiwa, na nauli ya kushuka Dar. Tuanze na watoto kumi, yaani milioni 15. Pesa haitapitia mkononi mwa mzazi wala mtoto. Tutalipa ofisi husika moja kwa moja, na risiti zitabandikwa ofisi ya kata, majina yakifichwa. Anayesaidiwa awe anaomba ufadhili kamili, au aonyeshe pesa ambayo ni ya mzazi wake na imelala siku zake.

Wazee wetu walichimba barabara hii kwa msaragambo, kila kaya ikipewa kipande chake. Sisi tunaoishi mjini tumejigawia vipande pia: wahasibu tutasoma taarifa za benki, wanasheria wawili wamekubali kuandaa viapo bila malipo, na wauguzi wetu walioko Uingereza watasoma barua za watoto kwa simu usiku baada ya zamu. Bado hatujapata mtu wa Kijerumani. Aliyepo humu anyooshe mkono.

Fomu za ahadi ziko kwa Katibu, pale mlangoni. Majina ya watoto walioko kidato cha tano yaletwe kabla ya mwisho wa Februari, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, ili tuyalinganishe majina kwanza.