Majimoto, Walinzi wa Minazi

Mwenye shamba la minazi hahesabu mali yake kwa nazi zilizokwisha kuanguliwa tu. Hutazama juu mtini akaona upunga uliofunguka, vidaka, vitale na madafu, naye akajua mavuno ya miezi ijayo yatakuwaje. Maana tangu ua mpaka nazi iliyokomaa hupita kama mwaka mzima. Kwa hiyo, akiamka asubuhi akakuta vidaka vimetapakaa chini ya shina, hasara anayoiona si ya siku ile, bali ni ya mwaka unaokuja.

Ni kweli kwamba mnazi wenyewe huangusha baadhi ya vidaka vyake, hasa wakati wa ukame. Lakini kidaka kilichoshambuliwa na mdudu kina alama zake. Ngozi yake huwa na madoa meusi, na mara nyingi hutokwa na utomvu ulioganda kama gundi. Kile kisichoanguka hukua kimepindika, kina makovu, na nazi yake huwa ndogo.

Mwenye kufanya uharibifu huo ni mdudu mwembamba wa rangi ya kahawia, mwenye mabawa, ambaye urefu wake haupiti upana wa kidole gumba. Mdudu huyu hatafuni. Ana mdomo kama sindano, ambao huudunga katika kidaka kichanga apate kufyonza maji yake, na mate anayoyaacha ndani ni sumu inayooza pale alipodunga. Ndiyo sababu wadudu wachache tu katika mnazi mmoja hutosha kuleta hasara kubwa, na mtu asimamaye chini asiwaone hata kidogo. Wapo Unguja, na wapo pwani ya Kenya na ya Tanzania. Nao hushambulia pia mikorosho na miembe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Bwana M. J. Way, mtaalamu wa wadudu, alilichunguza jambo hili Unguja. Uchunguzi wake, uliochapishwa mwaka 1953, ulionyesha kwamba minazi iliyokaliwa na majimoto wengi ilisalimika, na ile isiyokuwa nao ndiyo iliyopoteza vidaka vyake. Mwaka 1955 mdudu huyo mharibifu alipopewa jina la kitaalamu, aliitwa Pseudotheraptus wayi, kwa heshima ya Bwana Way.

Majimoto wanajulikana na kila mkwezi. Ni chungu wekundu wakaao mitini, ambao hushona majani mabichi kwa nyuzi zitokazo kwa watoto wao, wakafanya viota. Jamaa moja ya majimoto huweza kuenea katika miti mingi, nao huzunguka usiku na mchana wakitafuta wadudu wa kula. Mdudu mfyonzaji akitua penye vidaka, humkamata au humfukuza asipate nafasi ya kutaga mayai.

Lakini mlinzi huyu hachagui mwizi wala mwenyeji. Mkwezi apandapo huumwa mikononi, shingoni na hata machoni, naye yuko juu sana, hana pa kukimbilia. Basi si ajabu kwamba wakwezi wengi hawawapendi, na huchoma viota vyao. Malalamiko yao ni ya haki. Lakini kiota kinapoteketea, mdudu mfyonzaji amefunguliwa mlango. Huko Afrika Magharibi, wavunaji wa maembe hujipaka majivu mikononi ili kupunguza kuumwa na chungu hao hao, na njia hiyo yafaa ijaribiwe na wakwezi pia.

Majimoto wana adui mwingine asiyekuwa binadamu. Ni chungu wadogo wakaao ardhini, ambao askari wao wana vichwa vikubwa. Hao hupanda mnazi kwa wingi, huwashinda majimoto na kuwafukuza, kisha wao wenyewe hawaulindi mti. Katika miaka ya 1980 na 1990, watafiti wa Unguja na Tanzania Bara walijaribu chambo chenye sumu ambacho chungu hao wa ardhini hukichukua mpaka chumbani mwao, lakini majimoto hawakitamani. Walipopungua chungu wa ardhini, majimoto walirudi mitini.

Njia nyingine haihitaji kununua dawa. Mwaka 2011 ilichapishwa taarifa ya utafiti uliofanywa Tanzania, na Bwana Way alikuwa miongoni mwa waandishi wake, miaka hamsini na minane baada ya taarifa ile ya Unguja. Ilieleza kwamba shamba lililopaliliwa likabaki udongo mtupu huwafaa chungu wa ardhini, na majani yakiachwa chini ya miti, majimoto huweza kujitetea vizuri zaidi.

Basi mwenye shamba ayafyeke majani yawe mafupi, wala asiyang'oe yote. Apande michungwa au miti mingine ambayo majimoto huipenda kati ya minazi yake. Akitaka kuhamisha viota, avichukue vya jamaa moja, kwa maana majimoto wa jamaa mbalimbali wakikutanishwa hupigana mpaka kufa. Tena ajihadhari na kunyunyiza dawa ovyo, kwani dawa nyingi za kuua wadudu huwaua walinzi pamoja na wezi.

Zaidi ya yote, azungumze na mkwezi wake kabla hajapanda, wapatane kuhusu viota. Mkwezi hulipwa kwa minazi aliyokwea, na tajiri wake hupata faida kwa nazi zilizoangushwa. Vidaka vikiisha, wote wawili watakosa.