Tangazo Lililoandikwa na Kikao



Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo inapendwa sana na wakubwa wa maofisini, na wengi wao huitumia kama kufuli. Ikishatajwa, mazungumzo juu ya kutangaza mali yamefungwa. Leo naomba tuichukue methali hiyo twende nayo Kilwa, tukaone kama inasimama au inayumba.

Kwamba Kilwa ni chema, hilo halina mjadala. Kule Kisiwani upo Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake kongwe ni ya karne ya 11. Lipo jumba la Husuni Kubwa, alilolijenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14. Kusini yake kuna Songo Mnara na magofu yake. UNESCO ilivitia visiwa hivyo viwili katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Basi kama chema kingekuwa kinajiuza, vijana wa Kilwa Masoko wanaovusha wageni kwenda Kisiwani wasingepata nafasi ya kuketi. Lakini ukifika gatini pale, siku nyingi utakuta mashua zimefungwa, na wenyewe wanasubiri.

Wala si kweli kwamba Kilwa haikuwahi kutangazwa. Mwaka 1331 alifika Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, na aliporudi kwao akaacha maneno kwamba Kilwa ni miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema kabisa. Akasimulia pia habari za Sultani yule, ambaye kwa ukarimu wake watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Sasa hebu tufikiri. Karibu miaka 700 imepita na maneno hayo bado yanasomwa. Ni tangazo gani la siku hizi linalotimiza hata miaka saba?

Tena Kilwa yenyewe ilijua kujisemea. Masultani wake walipiga sarafu ndogo za shaba. Upande mmoja liliandikwa jina la Sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zikapatana kwa vina, kama mishororo ya shairi. Fedha ya kununulia dagaa imetiwa vina! Sarafu za Kilwa zilisafiri. Moja imepatikana Zimbabwe Kuu, na tano ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia. Huo ndio ubunifu, ndugu wasikilizaji. Mtu alichukua kitu cha kawaida kabisa, akakifanya kiimbe.

Sasa turudi katika zama zetu. Kwa miaka kadhaa kaulimbiu ya utalii wetu iliyopelekwa ng'ambo ilisema kwamba Tanzania ni nchi ya Kilimanjaro, Zanzibar na Serengeti. Ni maneno mazuri, lakini yalitaja mambo matatu ambayo mgeni alikwisha kuyajua kabla ya kutufahamu sisi. Mwaka 2018 ikaja kaulimbiu nyingine, yenye maana ya Tanzania isiyosahaulika. Nayo haina kosa. Ila ukifuta jina la nchi ukaweka jingine lolote, bado itafaa. Katika yote mawili, Kilwa haimo.

Kwa nini haimo? Si kwa sababu kuna mtu anayeichukia Kilwa. Sababu yake ni ya kiofisi. Tangu mwaka 2001 nchi yetu imekuwa ikifanya utafiti wa wageni wanapoondoka, kwenye viwanja vya ndege na mipakani, wakiulizwa walikwenda wapi, walikaa siku ngapi na walitumia fedha kiasi gani. Ni kazi nzuri, na sina ugomvi nayo. Lakini mgeni anayeondoka atataja alikokwenda, na alikwenda kule alikokuwa amesikia. Basi tunatangaza kinachojulikana, na kinajulikana kwa sababu tunakitangaza. Yule ambaye angeipenda Kilwa kama angeisikia, hayupo uwanja wa ndege kujaza fomu. Yuko kwao, hana habari.

Isitoshe, takwimu hupima mambo mengi zaidi ya mapenzi ya watu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa kusini ilimbidi asubiri kivuko pale Rufiji, na wakati wa masika basi liliweza kukwama siku kadhaa njiani. Hata mwezi Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi. Mtu akihesabu wageni wachache wa Kilwa kwa miaka hiyo, amehesabu matope na kivuko. Hajahesabu hamu ya mtu kuiona Kilwa. Lakini namba ikishaandikwa katika jedwali, matope hayaonekani tena. Inabaki namba peke yake, na meneja anasema, "Mnaona? Soko halipo."

Nitawasimulia habari ya kikao kimoja nilichohudhuria, na wahusika nitawastahi. Kampuni moja ilitaka tangazo la redio kwa ajili ya watu wa pwani ya kusini, kuanzia Somanga hadi Lindi. Kijana mmoja mzaliwa wa Kivinje akaandika majibizano ya mke na mume. Mume yuko dagoni na wenzake wavuvi, mke yuko nyumbani, na kila mmoja anampiga mwenzake vijembe kwa lafudhi ya kwao. Mle ofisini watu walicheka hadi machozi. Ndipo ikaamuliwa kwamba tangazo lipimwe. Wakaitwa watu kumi na wawili katika hoteli mjini Dar es Salaam, wakapewa soda na fomu. Mmoja akasema lafudhi ile haielewi. Wa pili akauliza kama wanawake hawataudhika. Wa tatu akasema bei haikutajwa. Wa nne alipenda, lakini alipoona wenzake wana kasoro za kutaja, naye akatafuta yake.

Ripoti ikarudi ofisini. Meneja wa masoko akaondoa lafudhi, mwanasheria akaondoa vijembe, mhasibu akapunguza sekunde, na mkurugenzi akataka jina la kampuni litajwe mara nne. Mwisho likabaki tangazo linalosema, "Kwa huduma bora na bei nafuu, tutembelee." Lilisomwa redioni kwa muda wa miezi mitatu. Sijapata kukutana na mtu wa Lindi anayelikumbuka.

Wasikilizaji, sisemi kwamba watu wale kumi na wawili walikuwa wajinga. Mtu akipewa fomu na kuulizwa kasoro, atatoa kasoro, maana ndiyo kazi aliyoitiwa. Wala sisemi meneja yule alikuwa mtu mbaya. Hebu tazameni hali yake. Akifuata ripoti na tangazo likashindwa, atasema, "Tulifanya utafiti." Hakuna atakayemgusa. Akifuata akili yake na tangazo likashindwa, ataulizwa nani alimtuma. Kunguru mwoga huokoa bawa lake, na kwa mshahara ule, watoto wale na mkopo ule wa nyumba, nani asiyetaka kuokoa bawa? Shida ni kwamba katika ofisi nyingi tumewalipa watu kwa kuokoa mabawa, halafu tunashangaa kwamba hakuna anayeruka.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Mwaka 1985 kampuni ya Coca-Cola ya Marekani ilibadili ladha ya soda yake baada ya kuwaonjesha watu wapatao 200,000, na wengi wao wakasema mpya ni tamu zaidi. Soda mpya ikatangazwa tarehe 23 Aprili. Baada ya siku 79, kwa kelele za wateja, ya zamani ikarudishwa. Watu waliulizwa juu ya ulimi wao. Hawakuulizwa watajisikiaje wakinyang'anywa kitu walichokua nacho. Jibu lilikuwa sahihi, ila swali lilikuwa pungufu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, kampuni ya kompyuta ya Apple ilitengenezewa tangazo la televisheni lililoongozwa na Ridley Scott. Wajumbe wa bodi walipolitazama hawakulipenda, na wakala wa matangazo, Chiat/Day, akaagizwa auze muda uliokwisha kununuliwa. Wakala akauza sekunde 30, akabakiza 60. Tangazo likaonyeshwa tarehe 22 Januari 1984, mara moja tu kwa nchi nzima, na hadi leo wanafunzi wa fani hiyo wanafundishwa habari zake. Kama bodi ingetiiwa sawasawa, lingebaki kabatini, na bodi isingejua ilichokosa. Hilo ndilo jambo gumu katika uoga wa ofisini. Hasara ya tangazo baya inaonekana, lakini hasara ya tangazo zuri lililouawa haionekani, maana halina kaburi.

Je, basi tuache utafiti? La hasha. Nahodha asiyetazama upepo na maji hafiki Songo Mnara, atapanda mwamba. Na Afrika ya Mashariki tunao mfano mzuri wa utafiti uliozaa neno zuri. Mwaka 2005 kampuni ya Safaricom ya Kenya ilijaribu mpango wa watu kulipia mikopo midogo kwa simu. Wakati wa majaribio wakaona watu wanautumia kwa kazi nyingine, wanatumiana fedha wenyewe kwa wenyewe. Wakuu wale walitazama watu wanafanya nini, wakaamini macho yao. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, tangazo lake lilikuwa na maneno machache tu, kuwaambia watu watume pesa nyumbani. Kila mwenye mama kijijini alielewa. Mwaka uliofuata huduma hiyo ikafika kwetu Tanzania.

Tofauti ni nini? Kule Kenya utafiti ulikuwa sikio, ukawasikiliza watu kisha ukamwachia mtu mwenye ulimi aseme. Katika kikao kile cha hotelini utafiti ulitaka kuwa sikio na ulimi kwa pamoja. Sikio halisemi, ndugu zangu.

Na ulimi tunao. Muuza kahawa wa pwani hugonganisha vikombe vyake, na mtu aliye ndani ya nyumba anajua kahawa imepita. Mnadi wa samaki akisimama mbele ya changu na kolekole huwachekesha wanunuzi mpaka bei inapanda bila wao kujitambua. Na kanga je? Kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, zenye maneno Mali ya Abdulla, ndizo zinazotajwa kuwa za kwanza kutiwa misemo, mwanzoni mwa karne ya 20. Misemo ile inachoma. Jirani anaweza kununa akiisoma. Na ni kwa sababu hiyo hiyo mwanamke huinunua. Ipelekeni mbele ya kikao cha leo muone itarudi na neno gani. Nadhani itarudi na, "Karibu mteja."

Kwa hiyo nina ushauri kwa wote wenye dhamana ya kuitangaza Kilwa, iwe serikalini, halmashauri au kwenye makampuni. Kwanza, nendeni mkasikilize kabla ya kuandika, na kusikiliza kwenyewe kuwe gatini, mnadani na barazani. Pili, mpeni kazi mtu mmoja anayeijua pwani hii na lugha yake, na jina lake lijulikane, ili sifa iwe yake na lawama iwe yake. Penye wazee haliharibiki neno, ni kweli, lakini wazee hukaa kuamua jambo. Hawakai kuandika shairi moja watu kumi kwa mkupuo. Tatu, jaribuni kwa fedha kidogo, redio moja, msimu mmoja, kisha mhesabu wageni waliovuka. Hiyo nayo ni takwimu, tena inayotoka kwenye maji, haitoki kwenye fomu. Na nne, meneja aliyejaribu kwa busara akakosea, asiadhibiwe kama mwizi.

Maana kilichopo hapa ni kikubwa kuliko maneno ya karatasi. Mwaka 2004 magofu yale yaliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na ilichukua miaka kumi, hadi 2014, kazi ya kuyanusuru ikatosha yakaondolewa. Ukuta wa matumbawe hauwezi kungoja soko lithibitike. Ukuta hulindwa na watu wanaokula kutokana nao: nahodha, mwongozaji wageni, mama anayepika wali wa nazi na pweza. Watu hao wakikosa mgeni, watahamia kwenye riziki nyingine, na mikoko na magugu havisomi ripoti.

Miaka ya karibuni meli za watalii zimeanza kutia nanga Kilwa. Hao waliosikia wanakuja. Tuliobaki na kazi ni sisi, kuwafikishia habari wale ambao hawajasikia. Ibn Battuta angepeleka sentensi yake kwenye kikao, angeambiwa hana ushahidi, na wangemrekebishia iwe, "Kilwa ni eneo lenye vivutio mbalimbali." Sijui kama kuna mtu angevuka bahari kwa kusikia vivutio mbalimbali. Kwa kusikia mji mzuri uliojengwa vyema, watu wanavuka mpaka leo.

Chema hujiuza, lakini kwanza lazima mtu akitaje kwa jina lake, tena kwa sauti yake mwenyewe.