MABINTI WENYE SHAHADA NA KAZI YA KIBARUA

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Wengi wetu wafanya kazi wa reli tulisoma shule za misheni tukaishia praimari. Kwa hiyo twastaajabu kumwona binti mwenye shahada ya kwanza, na ya uzamili, na pengine ya uzamifu, naye yuko nyumbani tu. Majirani husema, "Amesoma mno, ndiyo sababu hapati kazi." Maneno hayo hatuyakubali. (Na jirani huyo, barua zake husomewa na binti huyo huyo.)

Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliamuru mhadhiri awe na shahada ya uzamifu, na mwisho wa muda ukawekwa 2018. Vijana wakarudi masomoni, wazazi wakauza ng'ombe. Lakini vyuo vya Serikali vilikuwa vimeongezeka upesi, na fedha hazikutosha. Badala ya kuandika watu kazi, vyuo vingi huwaita "wahadhiri wa muda". Hawa hulipwa kwa somo, si kwa mwezi, na wengine hungoja malipo mwaka mzima. Chuo kikifungwa, hapana mshahara.

Jambo hili sisi twalijua jina lake: ni kibarua. Januari 1947 watu wa bandari na wa reli waligoma Mombasa kwa ajili ya mishahara duni, na kati yao walikuwamo vibarua wa kupata leo na kukosa kesho. Siku hizi kibarua huvaa joho.

Kwa mwanamke mzigo ni mzito zaidi. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa miezi mitatu ya uzazi kwa mshahara kamili, tena yakataza kubaguliwa kwa sababu ya mimba au ndoa. Lakini anayelipwa kwa somo akijifungua katikati ya muhula, somo hupewa mwingine, na fedha huenda na somo. Akitafuta kazi huulizwa ana watoto wangapi. Kaka yake haulizwi. Wako wanaoficha shahada ya pili wapate angalau ukarani, maana mabwana wengine huogopa karani aliyewazidi masomo. Na mkopo wa HELB huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya masomo, kazi iwepo isiwepo.

Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 37, yasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, ahesabiwe mtu wa mshahara wa mwezi. Sisi wa karakana twakijua kifungu hicho kwa sababu chama kilitusomea. Mabinti wetu hawajasomewa na mtu. Kama chamhusu mhadhiri wa muda au hapana, ni swali la kuulizwa kwa sauti, wala si na mmoja mmoja.

Basi kila mwanachama mwenye binti au dada wa namna hii amlete mkutano ujao, pamoja na barua yake ya kazi na karatasi za malipo anayodai. Katibu atazisoma pamoja nao, kisha twende nao kwa UASU, chama cha wahadhiri. Ada asidaiwe mtu siku hiyo.